Hisa ya kampuni ya madini inaporomoka: ninunue lini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kila mara bei ya shaba, dhahabu, urani au lithiamu inapoanguka na hisa za wachimbaji kuanguka nayo. Nimeyajibu kwa urefu usiolingana, kwa sababu mengine yanaamua kama utapata au utapoteza, na mengine ni madogo. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: hisa ya madini inayoshuka hununuliwa pale ambapo kampuni imeshaonyesha kwamba ina pumzi ya kungoja bei irudi bila kuwageukia wanahisa kuomba fedha. Kiasi ambacho hisa imeshuka hakikuambii lolote kuhusu jambo hilo.

Hisa imeshuka asilimia 80. Kweli inaweza kushuka zaidi ya hapo?

Inaweza. Piga hesabu. Hisa iliyokuwa 100 ikafika 20 imeshuka asilimia 80. Ikienda 10, watu watasema imeshuka asilimia 90, na hizo 10 za nyongeza zitasikika kidogo. Lakini wewe uliyenunua kwa 20 umepoteza nusu ya fedha zako. Bei ya zamani ni kumbukumbu tu ya kile watu wengine waliwahi kukubali kulipa, pengine wakati madini yalikuwa na bei ambayo haitaonekana tena kwa miaka 10.

Kwa hiyo acha kutazama umbali kutoka kileleni. Tazama umbali uliobaki hadi sifuri, na kitu gani kinaweza kuifikisha huko.

Kwa nini hisa za wachimbaji huanguka kwa kasi kuliko madini yenyewe?

Kwa sababu gharama za mgodi hazishuki pamoja na bei. Chukua mgodi unaotumia dola 1,500 kutoa wakia moja ya dhahabu, na dhahabu inauzwa dola 2,000. Unabaki na 500. Dhahabu ikishuka asilimia 10 tu, hadi 1,800, mgodi unabaki na 300. Bei ya dhahabu imepungua kwa sehemu moja ya kumi, lakini faida imekatwa asilimia 40. Dizeli, umeme, mishahara, baruti na vipuri vya mitambo vinalipiwa vilevile.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowavutia watu, maana hufanya kazi pande zote mbili. Dhahabu ikipanda asilimia 10 kutoka 2,000, faida inaongezeka asilimia 40. Mgodi wenye gharama kubwa huruka zaidi bei inapopanda na hufa kwanza bei inaposhuka. Wanaotafuta faida ya haraka hukimbilia hiyo ya gharama kubwa. Mimi naona ni kosa, isipokuwa kama tayari una uhakika kwamba bei ya madini imegeuka, na uhakika huo ni wa nadra sana.

Nianzie wapi kabla ya kufikiria kununua?

Anza na sababu ya kushuka. Kwa hisa za madini sababu huwa mojawapo ya hizi, au mbili kwa pamoja: bei ya madini imeanguka duniani, deni limezidi uwezo, mgodi wenyewe una kasoro, au serikali na kampuni hazielewani.

Zitofautishe, kwa sababu kila moja ina saa yake. Bei ya madini ikianguka, wachimbaji wote huanguka pamoja na kungoja kunaweza kulipa. Mgodi ukiwa na kasoro, kampuni moja inaanguka huku wenzake wamesimama, na hakuna kungoja kutakakorudisha dhahabu ambayo haimo kwenye mwamba. Njia nyepesi ya kutenganisha ni kulinganisha hisa yako na hisa za kampuni nyingine tano au sita zinazochimba madini yaleyale. Zikiwa zimeshuka kwa kiasi kinachokaribiana, tatizo ni la soko. Yako ikiwa imeshuka mara mbili ya wenzake, kuna jambo ndani ya nyumba, na jambo hilo ulijue kabla hujatoa fedha.

Tatizo ni bei ya madini tu. Nitajuaje kwamba imegota chini?

Hutajua siku yenyewe. Unachoweza kujua ni kama bei iliyopo inaweza kudumu. Kila madini yana wachimbaji wa gharama ndogo na wa gharama kubwa. Bei ikishuka hadi sehemu kubwa ya wachimbaji wanachimba kwa hasara, kitu lazima kivunjike: migodi inafungwa, miradi mipya inasimamishwa, na baada ya muda madini yanakuwa haba.

Neno zito hapo ni "baada ya muda". Urani ilipita dola 130 kwa ratili mwaka 2007. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya Machi 2011 iliteremka mwaka hadi mwaka, na mwishoni mwa 2016 ilikuwa chini ya dola 20. Wachimbaji walipunguza uzalishaji, na mwaka 2018 Cameco ya Kanada ilisimamisha mgodi wake wa McArthur River, mmoja wa migodi tajiri kuliko yote duniani. Hata hivyo bei iliendelea kujikokota kwa miaka kadhaa kabla ya kupita dola 100 Januari 2024. Aliyenunua 2016 kwa hoja kwamba "bei hii haiwezi kudumu" alikuwa sahihi kabisa, na bado alihitaji subira ya miaka. Paladin Energy, mchimbaji wa urani wa Australia, haikuwa na miaka hiyo: Julai 2017 ilikabidhiwa kwa wasimamizi kwa sababu ya madeni, na sehemu kubwa ya umiliki ikaenda kwa wadai.

Lithiamu ilifundisha jambo lilelile kwa haraka zaidi. Nchini China bei ya lithiamu kabonati ilifika karibu yuani 600,000 kwa tani Novemba 2022, na kufikia mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Januari 2024 Core Lithium ya Australia ilisimamisha uchimbaji. Walionunua hisa za sekta hiyo kwa sababu tu mgodi wa kwanza umefungwa waliendelea kupata hasara, maana bei ilizidi kushuka.

Kwa hiyo kufungwa kwa mgodi mmoja mdogo ni mwanzo wa mwisho, si mwisho. Mimi hungoja wakubwa wapunguze, wale ambao hupenda kuzalisha hata kwa hasara ili wasipoteze wateja. Wao wakikubali kupunguza, uchungu umefika juu. Kisha natazama maghala: akiba ya nikeli au shaba iliyohifadhiwa kwenye maghala ya soko la metali la London (London Metal Exchange) na soko la Shanghai ikianza kupungua mwezi baada ya mwezi wakati bei bado iko chini, hiyo ni ishara bora kuliko utabiri wa mchambuzi yeyote.

Je, hisa hugeuka siku ileile madini yanapogeuka?

Mara nyingi hutangulia. Dhahabu ilipita dola 1,900 kwa wakia Septemba 2011, ikateremka hadi karibu 1,050 Desemba 2015. Hisa ya Barrick, mchimbaji wa dhahabu wa Kanada, iligota chini mapema kidogo, Septemba 2015, ikiwa chini ya dola 7. Kufikia Julai 2016 ilikuwa zaidi ya dola 20.

Kilichotangulia hapo ni cha kukumbuka. Mwanzoni mwa 2015 kampuni ilitangaza kwamba ingepunguza deni lake, lililokuwa karibu dola bilioni 13, kwa bilioni 3 ndani ya mwaka huo, na ikafanya hivyo kwa kuuza mali. Miezi ile hisa iliendelea kuporomoka huku deni likipungua. Mtu aliyekuwa anafuatilia deni, wala si bei ya hisa, alipewa nafasi ya kutosha.

Deni lina uzito kiasi gani kwenye uamuzi huu?

Kuliko kitu kingine chochote. Ningekuwa na ruhusa ya kusoma ukurasa mmoja tu wa ripoti ya kampuni ya madini, ningechagua ule unaoonyesha deni linaiva lini, yaani lini lazima lilipwe.

Tuchukue kampuni ya kubuni ya shaba. Ina hisa milioni 100, kila moja inauzwa dola 5, kwa hiyo soko linaithamini milioni 500. Ina deni la milioni 900 na fedha taslimu milioni 150. Kwa bei ya sasa ya shaba migodi yake inaingiza milioni 80 kwa mwaka. Riba inachukua 60, na kuitunza migodi isisimame kunachukua 70. Kila mwaka inapungukiwa milioni 50. Hilo peke yake lingevumilika kwa miaka mitatu. Lakini mwakani milioni 400 ya deni inaiva, na benki haitaki kuongeza muda.

Fedha hizo zitatoka kwa wanahisa. Kampuni itatoa hisa mpya, na kwa kuwa kila mtu anajua imebanwa, itaziuza kwa bei ya kutupa, tuseme 2.50. Ili kupata milioni 400 italazimika kutoa hisa milioni 160. Jumla zinakuwa milioni 260. Sasa tuseme shaba inapanda na thamani ya kampuni inarudi hadi bilioni 2. Bila hisa hizo mpya, kila hisa ingekuwa na thamani ya dola 20. Nazo zikiwepo, ni kama 7.70. Ulikuwa sahihi kuhusu shaba, ulikuwa sahihi kuhusu kampuni kupona, na bado faida yako imekwenda kwa waliongoja hadi hisa mpya zilipouzwa.

Mambo haya hayako kwenye karatasi tu. Mwishoni mwa 2015 Lonmin, mchimbaji wa platinamu wa Afrika Kusini, iliwauzia wanahisa wake hisa mpya 46 kwa kila hisa moja waliyokuwa nayo, kwa peni 1 kila moja. Aliyekataa kutoa fedha alibaki na kipande kisichoonekana. Peabody, kampuni kubwa ya makaa ya mawe ya Marekani iliyokuwa imekopa ili kuinunua Macarthur Coal mwaka 2011, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Aprili 2016. Migodi yake iliendelea kuchimba na kampuni ikatoka mahakamani mwaka uliofuata ikiwa hai, lakini hisa za zamani zilifutwa bila malipo. Watu huchanganya kuponea kwa kampuni na kuponea kwa mwenye hisa. Ni vitu viwili.

Lakini kuna waliopata utajiri kwa kununua kampuni zenye madeni. Wao waliona nini?

Wapo, na waliona hatua zinachukuliwa. Hisa ya Glencore, kampuni ya madini ya Uswisi, ilishuka asilimia 29 kwa siku moja, tarehe 28 Septemba 2015, hadi chini ya peni 70, ilhali iliingia sokoni 2011 kwa peni 530. Siku hiyo wengi walisema itakufa. Wiki tatu kabla, kampuni ilikuwa imetangaza kwamba inasitisha gawio (faida inayogawiwa wanahisa), inauza hisa mpya za dola bilioni 2.5, na itauza mali ili kupunguza deni. Dawa chungu ilikuwa imeshamezwa, ila soko halikuamini kwamba itafanya kazi. Kufikia Januari 2018 hisa ilikuwa karibu peni 400.

Freeport-McMoRan, mchimbaji wa shaba wa Marekani, nayo ilijitumbukiza kwenye mafuta na gesi mwaka 2013, ikabeba deni la takriban dola bilioni 20, kisha shaba na mafuta vikaanguka pamoja. Hisa yake, iliyokuwa zaidi ya dola 35 katikati ya 2014, ilikuwa chini ya 4 Januari 2016. Ikasitisha gawio, ikauza hisa mpya, na mwaka 2016 ikauza sehemu yake ya mgodi wa Tenke Fungurume wa Kongo kwa dola bilioni 2.65. Miaka mitano baadaye hisa ilikuwa juu ya dola 40.

Tofauti kati ya hizi mbili na Peabody haikuwa ujasiri wa wanunuzi. Glencore na Freeport zilikuwa na mali ambazo wengine walikuwa tayari kuzinunua hata wakati mbaya. Jiulize basi: kampuni hii ikibanwa, ina kitu gani cha kuuza ambacho si roho yake?

Nisome nini kwenye ripoti ya robo mwaka, kama nina nusu saa tu?

Ruka barua ya mkurugenzi na picha za watu wenye kofia ngumu. Nenda kwenye mtiririko wa fedha. Chukua fedha zilizoingizwa na shughuli za uchimbaji, toa zote zilizotumika kwenye mitambo na ujenzi, kisha toa riba kama haijatolewa. Hicho ndicho kinachobaki. Kikiwa hasi, gawa akiba ya fedha taslimu kwa upungufu wa robo moja, upate idadi ya robo mwaka ambazo kampuni inaweza kuishi kwa bei ya sasa.

Halafu tafuta gharama za kutoa wakia au ratili moja. Kwa dhahabu, tangu Juni 2013 Baraza la Dhahabu Duniani lina kipimo kinachojumlisha gharama zote za kudumisha uzalishaji, na kampuni nyingi hukitumia. Hicho ndicho cha kulinganisha na bei ya soko, si ile "gharama ya fedha taslimu" inayoacha nje matengenezo na ofisi kuu. Hata hicho hakihesabu kodi ya mapato, riba wala ujenzi wa mgodi mpya, kwa hiyo kampuni inayosema gharama zake ni 1,600 wakati dhahabu ni 1,700 haina nafasi ya kupumua kama inavyodai.

Malizia kwenye maelezo ya madeni. Soma masharti ya mkopo. Benki nyingi huweka ukomo wa deni ukilinganishwa na faida, na faida inapoanguka ukomo huo unaweza kuvukwa hata kama kampuni haijakopa senti mpya. Ukiona maneno kwamba kampuni "inajadiliana na wakopeshaji" kuhusu masharti, usinunue mpaka mazungumzo hayo yaishe.

Dhahabu inapanda lakini hisa ninayoitazama inashuka. Si nafasi nzuri?

Kwanza uliza kwa nini haikufuata. Newmont, mchimbaji mkubwa wa dhahabu kuliko wote, ilishuka karibu asilimia 15 kwa siku moja Oktoba 2024, dhahabu ikiwa juu ya dola 2,700. Gharama zake zilikuwa zimefika 1,611 kwa wakia, juu ya zilivyotarajiwa, na faida haikuongezeka kama watu walivyopigia hesabu. Kampuni kubwa yenye migodi mingi na deni linalobebeka inaweza kurekebisha hilo, na hapo kushuka kwa siku moja kunaweza kweli kuwa nafasi. Kampuni ndogo yenye mgodi mmoja ikishindwa kupata faida wakati madini yako kileleni, sijui itaipata lini. Hiyo mimi huiacha.

Tatizo likiwa kwenye mgodi wenyewe?

Kuna kasoro za muda na kasoro za kudumu. Mafuriko, mgomo, mtambo wa kusaga ulioharibika: hizo hupita. Kiwango cha madini ndani ya mwamba kuwa chini ya kilichoahidiwa hakipiti. Ukiona robo mwaka tatu mfululizo gramu za madini kwa tani ya mwamba ziko chini ya mpango na maelezo yanabadilika kila mara, amini mwamba.

Bwawa la tope la mabaki ya uchimbaji kuvunjika ni jambo la aina yake. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la kampuni ya chuma ya Vale huko Brumadinho, Brazili, lilivunjika na kuua watu 270. Siku ya kwanza ya biashara baada ya hapo hisa ilianguka karibu robo. Vale ilipona kifedha, kwa sababu ilikuwa na migodi mingine ya chuma na bei ya chuma ilipanda uzalishaji wake ulipopungua. Februari 2021 ilikubali kulipa reali bilioni 37.7. Lakini lilikuwa bwawa lake la pili kwa miaka michache: lile la Samarco, ambayo Vale inaimiliki pamoja na BHP, kampuni kubwa ya madini ya Australia, lilikuwa limevunjika Novemba 2015. Sioni haya kusema kwamba kampuni isiyojali mabwawa yake sitaki hisa zake kwa bei yoyote, na hiyo ni hesabu pia, kwa sababu asiyejali tope mara nyingi hajali mengine.

Na serikali ikiingilia?

Hapa hesabu za gharama na madini hazikusaidii, kwa sababu anayeamua ni mahakama au baraza la mawaziri. First Quantum, kampuni ya Kanada, ilikuwa na mgodi wa Cobre Panamá, uliokuwa ukitoa takriban asilimia 1 ya shaba yote ya dunia. Baada ya maandamano makubwa, Mahakama ya Juu ya Panama iliamua tarehe 28 Novemba 2023 kwamba mkataba wake ni kinyume cha katiba, na mgodi ukafungwa. Hisa ilipoteza zaidi ya nusu ndani ya wiki chache, na Februari 2024 kampuni ikauza hisa mpya za takriban dola bilioni 1 ili kupunguza shinikizo la deni. Acacia nchini Tanzania ilipitia njia inayofanana baada ya marufuku ya Machi 2017 ya kusafirisha makinikia (mchanga wenye madini) na dai la kodi la dola bilioni 190 lililofuata. Hisa ilianguka vibaya, na suluhu ilikuja Barrick, iliyokuwa tayari mmiliki wake mkuu, ilipoinunua sehemu iliyobaki mwaka 2019.

Ushauri wangu ni kuthamini mgodi wenye mgogoro kuwa sifuri, kisha kuuliza kama kilichobaki kinatosha bei ya leo. Kikitosha, mgodi wenyewe unaupata bure ukifunguliwa. Kisipotosha, unacheza kamari juu ya uamuzi wa watu ambao hawakujui. Na usisahau kwamba serikali huenda ina haki: mkataba uliowanyonya wenyeji hauna maisha marefu, hata ukiwa na sahihi zote.

Hisa inalipa gawio la asilimia 14. Si nitalipwa huku nangoja?

Gawio kubwa hivyo ni la mwaka uliopita. Soko limeshaona kwamba litakatwa. Februari 2016 hata BHP, iliyokuwa imejivunia kutopunguza gawio, ililikata kwa karibu robo tatu, kutoka senti 62 hadi 16. Na tazama wakati: bei ya hisa yake ilikuwa imegota chini mwezi uliotangulia. Kwa anayengoja kununua, kukatwa kwa gawio ni habari njema zaidi kuliko gawio lenyewe, kwa sababu uongozi umekubali hali ilivyo na fedha zinabaki ndani.

Uwiano wa bei na faida ni 4 tu. Ni nafuu, sivyo?

Uwiano huo ni bei ya hisa ikigawanywa kwa faida ya mwaka ya kila hisa, na kwa wachimbaji husomwa kinyume. Huwa mdogo bei ya madini ikiwa kileleni, kwa sababu faida ni kubwa kupita kawaida, na huwa mkubwa au haupo kabisa wakati mbaya. Wengi walioingia mkenge kwenye lithiamu mwaka 2022 waliingilia mlango huu. Tumia faida ambayo kampuni ingepata kwa bei ya wastani ya madini ya miaka 10, ndipo ulinganishe.

Vipi kampuni ndogo zinazotafuta tu, hazina mgodi bado?

Hizo hazina mapato, kwa hiyo hata swali la bei ya madini linakuja baadaye. Kinachotawala ni fedha zilizobaki. Kampuni yenye milioni 3 inayotumia milioni 1 kwa robo itauza hisa mpya ndani ya miezi tisa, na watu wa soko wanaijua tarehe hiyo kuliko wewe. Kama lazima ununue, nunua wakati wa uuzaji huo au mara baada yake, usinunue kabla.

Soma pia ripoti ya kitaalamu ya mashapo. Kanada iliweka kanuni zake za kutangaza kiasi cha madini, ziitwazo NI 43-101, mwaka 2001 baada ya kashfa ya Bre-X, ambapo dhahabu ya Busang huko Indonesia ilithibitika mwaka 1997 kuwa haipo kabisa, sampuli zikiwa zimetiwa dhahabu ya kutoka kwingine. Australia hutumia kanuni zinazofanana, ziitwazo JORC. Kampuni isiyofuata kanuni ya aina hiyo, iache.

Chati zina msaada wowote?

Kidogo, na kwa jambo moja. Natazama hisa inafanya nini habari mbaya zikitoka. Kampuni ikitangaza hasara kubwa, gawio limefutwa, na hisa inafunga siku ikiwa palepale au juu kidogo, maana yake waliotaka kuuza wameshauza. Hiyo ikitokea mara mbili au tatu, na deni liko sawa, mimi hununua fungu la kwanza.

Ninunue mara moja au kwa mafungu?

Kwa mafungu, ila yafungwe kwenye matukio wala si kwenye bei. Wengi hupanga kuongeza kila hisa ikishuka asilimia 10, na hivyo kampuni inayokufa inawamaliza fedha zote. Fungu la kwanza liende baada ya kuona deni la miaka miwili ijayo lina mahali pa kulipiwa kwa bei ya leo ya madini. La pili baada ya ripoti ya robo mwaka kuonyesha fedha zimeacha kupungua. La tatu bei ya madini ikishapanda, hata kama hisa imeshapanda theluthi kutoka chini. Kulipa zaidi kwa fungu hilo la mwisho kunauma, najua, lakini Freeport kwa dola 8 ilikuwa salama kuliko Freeport kwa dola 4, na bado ilikuwa na safari ndefu mbele.

Tayari ninazo na nina hasara. Niongeze ili kushusha wastani?

Jifanye huna hata moja. Ungeinunua leo, kwa unayoyajua leo? Kama jibu ni hapana, kuongeza ni kuulipia uamuzi wa zamani. Na kama kampuni inakuuzia hisa mpya kwa punguzo, angalia fedha hizo zinakwenda wapi. Zikimaliza tatizo la deni kabisa, kushiriki kunaweza kuwa sahihi. Zikisogeza mbele miezi sita tu, kutakuwa na ombi jingine.

Niweke kiasi gani cha fedha?

Kiasi ambacho kikienda sifuri hakitabadilisha maisha ya nyumbani kwako, wala kukulazimisha kuuza wakati mbaya. Usikope. Anayekopa ili kununua kampuni iliyozidiwa na deni amejiweka mahali palepale ilipo kampuni.

Nitajuaje kwamba nimekosea?

Andika kabla ya kununua, kwa mkono, mambo yatakayokufanya uuze bila kujali bei. Yangu kwa kawaida ni haya: kampuni ikinunua mgodi mwingine kwa mkopo kabla haijamaliza deni la sasa, ikikiuka masharti ya benki, gramu kwa tani zikishuka robo mwaka tatu mfululizo, au mhasibu mkuu akiondoka ghafla bila mrithi. Weka pia muda. Kwa madini yanayohitaji migodi mikubwa kama shaba au urani najipa miaka mitatu hadi mitano, kwa sababu migodi iliyofungwa haifunguki upesi na mipya huchukua miaka mingi kujengwa. Muda huo ukiisha na sababu yangu ya kununua haijatimia, nauza hata kama hisa iko palepale nilipoinunua, na fedha zinakwenda kwingine.